Jeshi Lililokuwa Njiani

Mwanahistoria anaweza kuandika sura nzima kuhusu vita, na msomaji akaimaliza bila kujua hasa kwa nini huyu alishinda na yule akashindwa. Mwandishi wa orodha ya jeshi hana pa kujificha namna hiyo. Kazi yake ni kumpa mchezaji wa mchezo wa vita wa mezani karatasi moja inayosema: vikosi vyako ni hivi, bunduki zao ni hizi, mizinga yako ni mingapi na ya aina gani, makamanda wako wana uwezo kiasi gani, na kila kimoja kina thamani ya pointi kadhaa. Kisha sanamu ndogo za askari hupangwa mezani, tepu ya kupimia hunyooshwa, dadu hurushwa, na baada ya saa chache karatasi ile inatoa hukumu. Hukumu hiyo ikipingana kila mara na yaliyotokea kweli, dadu halina lawama. Karatasi ndiyo yenye walakini. Miaka ya kusoma orodha za wengine na kuandika zangu imenifikisha mahali pa kuamini kwamba orodha ya jeshi ni hoja ya kihistoria iliyovalishwa sura ya daftari la ghala, na kwamba udhaifu wake mkubwa ni kuhesabu vitu vilivyokuwepo tu. Haisemi vilikuwa wapi, vilifika saa ngapi, wala ni vipi ambavyo mwenyewe alikuwa navyo akaogopa kuvitumia. Sijapata vita vinavyoonyesha jambo hili wazi kuliko vile vya Serbia na Bulgaria vya Novemba 1885.

Vita hivi havijulikani sana, hata huko huko Ulaya. Wengi waliowahi kuvisikia wamevipata kwa mlango wa uani, kupitia tamthilia ya George Bernard Shaw, Arms and the Man, iliyochezwa London kwa mara ya kwanza mwaka 1894, ambayo mhusika wake mkuu ni mamluki Mswisi wa jeshi la Serbia anayebeba chokoleti mahali pa risasi. Shaw aliiandika tamthilia hiyo kabla hajajua ni vita gani anavisema. Alitaka vita vyovyote vitakavyofaa, na rafiki yake Sidney Webb ndiye aliyemtajia hivi. Chanzo chake halisi ni Mkataba wa Berlin wa 1878. Urusi ilikuwa imewashinda Waosmani na kutaka Bulgaria kubwa. Mataifa mengine ya Ulaya yakakataa, yakaikata vipande. Kaskazini pakawa na dola ndogo iliyojitawala chini ya kivuli cha Sultani. Kusini pakawa na mkoa wa Rumelia Mashariki, uliobaki mkononi mwa Waosmani ukiwa na gavana Mkristo. Tarehe 18 Septemba 1885 wanamapinduzi wa Plovdiv walimpindua gavana huyo na kutangaza kuungana na kaskazini. Mtawala wa kaskazini, Alexander wa Battenberg, kijana wa miaka 28, akaukubali muungano. Urusi, ambayo ndiyo iliyomtawaza, ilikasirika kwa kutoulizwa, ikawaita nyumbani maafisa wake wote waliokuwa wakiliongoza jeshi la Bulgaria. Mfalme Milan wa Serbia naye akasimama akidai kwamba jirani hawezi kuongezewa ardhi bila yeye kuongezewa yake. Tarehe 14 Novemba akatangaza vita. Wiki mbili baadaye vilikuwa vimekwisha, na aliyeshindwa ni yeye.

Sasa shika kalamu uandike orodha kwa utaratibu uliozoeleka. Serbia ni ufalme tangu 1882, una majenerali waliokwisha kupigana na Waosmani mara mbili, 1876 na tena 1877–78. Jeshi lililotarajiwa kwenda vitani lilikaribia watu 60,000, wamegawanywa katika divisheni zenye majina ya mikoa yao: Danube, Drina, Šumadija, Morava, Timok. Bunduki yao ni Mauser iliyorekebishwa na afisa wao Koka Milovanović, moja ya bunduki nzuri za wakati ule. Bulgaria, kwa upande wake, ni nchi iliyozaliwa miaka saba tu nyuma. Makamanda wake wamekwisha kupanda treni kurudi Urusi, na waliobaki karibu wote ni makapteni, wenye cheo cha meja ni wa kuhesabika. Askari wa miguu wana mchanganyiko wa Berdan na Krnka, bunduki mbili zisizotumia risasi moja: ya kwanza ni ya milimita 10.67, ya pili ya milimita 15.24, tofauti inayomtoa jasho yeyote aliyepewa kazi ya kupeleka masanduku ya risasi mstari wa mbele. Mwandishi wa pointi atawapa Waserbia alama za juu kwa silaha na kwa uongozi. Kisha, ili mchezo uwe wa haki, atamwongezea Mbulgaria vikosi kadhaa vya bei nafuu hadi mizani ilingane. Matokeo yake ni majeshi mawili yenye thamani sawa yanayotazamana juu ya kitambaa cha kijani, asubuhi, wote wamefika, wote wameshapumzika.

Hapo ndipo 1885 inapoponyoka. Siku vita vilipotangazwa, sehemu kubwa ya jeshi la Bulgaria ilikuwa upande wa pili wa nchi, kusini mashariki, imeelekezwa kwenye mpaka wa Waosmani. Ilikuwa tahadhari ya akili kabisa: kama kuna mtu aliyetarajiwa kuja kuichukua tena Rumelia, ni Sultani mwenye mkoa wake. Mpaka wa magharibi ulilindwa na vikosi vichache. Reli iliyotoka Istanbul iliishia karibu na Belovo, chini ya milima, na Sofia haikuunganishwa na reli hiyo mpaka 1888. Kwa hiyo kikosi kilichotoka mpakani kilisafiri kwa treni hadi reli ilipokatika, halafu kikashuka na kutembea kupitia njia za Ihtiman, katika matope ya Novemba, hadi Sofia, na kutoka Sofia kama kilomita 30 zaidi hadi Slivnitsa, ambako vita viliamuliwa. Baadhi ya askari wa miguu walipandishwa wawili wawili juu ya farasi mmoja ili wawahi. Mchezaji wa bao la Kiswahili ataielewa hali hii upesi kuliko mchezaji wa drafti. Katika bao kila mmoja ana kete 32, lakini mchezo unapoanza ni 10 tu zilizoko ubaoni. 22 zimo mkononi na huingia moja moja wakati wa kunamua, na atakayezihesabu za ubaoni peke yake akadhani ameshamjua mwenzake, atajuta. Asubuhi ya tarehe 17 Novemba Bulgaria ilikuwa bado inanamua.

Kwa hiyo orodha inayovifaa vita hivi lazima iwe na safu ambayo orodha nyingi hazina: safu ya saa. Mbele ya kila druzhina, kama Wabulgaria walivyoziita batalioni zao, iandikwe ilikuwa wapi jioni ya tarehe 16, ilifika lini, na ilifika ikiwa imechoka kiasi gani. Mtu anayeandika hivyo hugundua mara moja kwamba suala la thamani limebadilika. Batalioni ya Krnka iliyofika alfajiri ya tarehe 18 ina thamani kuliko mbili za Berdan zitakazofika tarehe 20. Hakuna jedwali la pointi ninalolijua linaloweza kusema hivyo, kwa sababu jedwali hupima kitu chenyewe, na hapa kinachopimwa ni kitu pamoja na saa yake. Jedwali litamlipisha mchezaji gharama ileile kwa askari aliyeko handakini na kwa askari aliyeko kilomita 50 nyuma akiwa na malengelenge miguuni.

Upande wa Serbia pengo ni la namna nyingine, na kwangu mimi ndilo lenye mafunzo zaidi. Waliokuwa wanakosekana hawakuwa njiani. Walikuwa nyumbani, kwa amri. Serbia iligawa wanaume wake katika makundi ya kuitwa vitani, la kwanza, la pili na la tatu, na Milan aliita la kwanza peke yake. Sababu yake haipatikani kwenye ghala la silaha. Miaka miwili tu kabla, mwaka 1883, serikali ilikuwa imeanza kukusanya bunduki za zamani kutoka kwa wakulima, waliokuwa wamezizoea kama mali yao tangu enzi za jeshi la umma, ili kulipisha jeshi jipya la kudumu. Wakulima wa bonde la Timok, mashariki mwa nchi, waligoma na kuinua silaha. Jeshi la kudumu liliuvunja uasi huo kwa siku chache, watu wakapigwa risasi, na kiongozi wa chama cha Radikali, Nikola Pašić, akakimbilia wapi? Bulgaria. Mfalme aliyetoka kuwanyang'anya raia wake bunduki alikuwa anaombwa na hali ya vita awarudishie. Aliona afadhali kwenda na wachache anaowaamini. Alikuwa na haraka pia. Alidhani Bulgaria isiyo na maafisa itaanguka kabla ya mtu yeyote kuhitaji kundi la pili. Na hata hao aliowaita hakuwakusanya pamoja: sehemu moja ya jeshi, chini ya Jenerali Lešjanin, ilipelekwa kaskazini kuizingira Vidin kwenye Mto Danube, na huko ikakaa hadi mwisho wa vita, imezuiwa na ngome iliyoongozwa na kapteni mmoja, Atanas Uzunov, aliyekataa kata kata kuifungua.

Orodha ya kawaida itafanya nini na habari hizi? Itazitupa. Itaandika idadi ya waliokwenda na kuishia hapo, au, mbaya zaidi, itaandika idadi yote ya Serbia na kumwachia mchezaji achague. Njia zote mbili zinamficha Milan. Ya kwanza inafanya uoga wake uonekane kama hali ya hewa, kitu kilichotokea tu. Ya pili inamfanya awe mtawala asiye na raia. Ndiyo maana nasisitiza kwamba mstari muhimu kuliko yote katika orodha ya Serbia ni ule wa vikosi ambavyo havimo mezani, pamoja na sababu yake.

Silaha nazipitia kwa ufupi, kwa sababu hapa orodha hufanya kazi nzuri tayari. Mizinga ya Serbia ilikuwa ya mtindo wa La Hitte, inayoshindiliwa mdomoni kama gobore; mipya ya De Bange ilikuwa imeagizwa Ufaransa na kulipiwa, lakini ilifika baada ya vita. Bulgaria ilikuwa na mizinga ya Krupp ya chuma cha pua, inayoshindiliwa nyuma na kufika mbali zaidi. Tofauti hiyo ilionekana Slivnitsa, ambapo mizinga ya Serbia haikuweza kuwafikia waliokuwa wakiwamiminia moto askari wake. Orodha yenye jedwali zuri la masafa italitoa jambo hilo yenyewe. Ila hata hapa angalia neno nililolitumia: iliagizwa. Mizinga bora ya Serbia ilikuwapo kwenye daftari la malipo tu. Kuhusu Mauser, msomaji wa Afrika Mashariki ana ujamaa nayo wa mbali: ilitokana na ile ya Ujerumani ya 1871, na askari wa Wajerumani katika Afrika Mashariki walibeba ya 1871 kwa miongo mingi baadaye, pamoja na wakati wa Maji Maji. Bunduki ni ileile au ya ukoo uleule. Yaliyotokea mbele yake Slivnitsa na yaliyotokea Ungoni na Umatumbi hayafanani hata kidogo, na mwandishi anayetoa pointi zilezile kwa bunduki ileile kila inapotokea ana maswali ya kujibu.

Katika uongozi, orodha nyingi hupotoka kabisa. Vita hivi vimepewa jina la ushindi wa makapteni juu ya majenerali, na mwandishi mvivu hufanya moja kati ya mambo mawili. Ama humpa kapteni alama ya chini kwa kuwa cheo chake ni cha chini, ama humpa alama ya juu kwa kuwa alishinda. Hakuna hata moja inayoeleza kitu. Hawa vijana walikuwa wamesomeshwa na Warusi kwa miaka kadhaa; kilichowaondokea ni wakubwa wao, elimu waliyoipata ilibaki vichwani mwao. Racho Petrov aliyekuwa mnadhimu mkuu wa jeshi alikuwa na miaka 24. Anastas Benderev aliyeongoza mrengo wa kulia Slivnitsa alikuwa kapteni. Kuondoka kwa Warusi kulifuta ngazi za katikati, na amri ikawa fupi: anayeona ndiye anayeamua. Milan, kinyume chake, alikuwa mkuu wa majeshi mwenyewe, mfalme asiyekuwa mwanajeshi wa kazi, na majenerali wake wakimsubiri. Kwa hiyo cha kuandikwa kwenye orodha ni muda unaopita kati ya kuona na kutenda. Bulgaria ipewe amri nyingi na fupi kwa kila zamu. Serbia ipewe chache, na zipite kwa mtu mmoja. Hilo linawezekana katika kanuni yoyote ya mchezo yenye mfumo wa amri, tena bila kumtukana mtu yeyote kwa cheo chake.

Hebu sasa tuipime hoja kwa siku tatu zenyewe. Usiku wa tarehe 16 Alexander alifika Slivnitsa akakuta mahandaki ya karibu kilomita nne pande zote mbili za barabara ya Sofia, batalioni tisa, watu wa kujitolea wapatao 2,000 na mizinga 32. Mbele yake zilikuwa divisheni tatu za Serbia, zimesimama kupumzika baada ya kucheleweshwa kwa mapigano katika njia ya Dragoman. Divisheni ya nne, ya Morava, ilikuwa kusini ikitafuta njia ya kupitia Breznik ili iingie kwa ubavuni. Asubuhi ya tarehe 17 ilikuwa ya mvua na ukungu, na Waserbia hawakushambulia. Saa nne asubuhi Alexander ndiye aliyeshambulia, kwa batalioni tatu upande wa kulia, akiwa na watu pungufu. Shambulio lilirudishwa, lakini siku ikaliwa. Waserbia walipokuja katikati mchana walipokelewa na moto mkali wakarudi nyuma, na jioni Benderev akavichukua tena vilima vya kulia. Tarehe 18 Waserbia waligundua kwamba mrengo wa kushoto ndio dhaifu, wakaushambulia. Batalioni mbili za kikosi cha Preslav zikafika wakati huohuo, si saa moja kabla, na kuuziba. Tarehe 19 Morava ilitakiwa kuungana na wenzake, ikazuiliwa katika vilima vya Visker na batalioni tatu za Kapteni Popov zilizotoka Sofia. Alasiri Bulgaria yote ilisonga mbele.

Soma tena mfululizo huo ukitafuta mahali ambapo ubora wa bunduki au idadi ya jumla uliamua. Hupati. Unapata asubuhi moja iliyopotezwa, batalioni mbili zilizofika kwa wakati, divisheni moja ambayo haikufika. Mtu aliyepewa orodha ya pointi sawa kwa sawa anaweza kucheza Slivnitsa mara kumi na asione hata moja kati ya hayo, kwa sababu kanuni za mchezo wake zimeyaondoa kabla dadu halijarushwa.

Pingamizi la kwanza ninalolisikia ni la haki, na ni zito. Watu hukutana kucheza jioni moja baada ya kazi. Hawataki mmoja wao aketi saa tatu akipigwa kwa sababu historia ilimpa upande mbaya. Pointi zilibuniwa kuzuia hilo, na mchezo maarufu wa majeshi ya kale, De Bellis Antiquitatis wa 1990, ulifika mbali zaidi kwa kumpa kila mchezaji vipande 12 tu, awe Farao au Mrumi. Nalikubali hitaji, nalikataa jibu. Usawa unaweza kuwekwa kwenye lengo na vikosi vikaachwa kama vilivyokuwa. Mserbia apewe jeshi lake kubwa asubuhi ya tarehe 17 na aambiwe avuke mstari wa Slivnitsa kabla ya jioni ya 18. Mbulgaria apewe wachache wake na aambiwe ashikilie, kila zamu akirusha dadu kuona nani ameingia kutoka barabara ya Sofia. Mizani italingana, tena italingana kwa sababu ileile iliyolingana 1885. Mserbia atahisi saa inamkimbia, jambo ambalo Milan alipaswa kulihisi na hakulihisi.

Pingamizi la pili ni kali zaidi: kwamba orodha ya namna hii inacheza huku ikijua mwisho. Ukimfunga mchezaji wa Serbia kwa uzito wa Milan, kwa kundi moja la askari, kwa jeshi lililotupwa Vidin, umebakiza nini cha kuchezwa? Si umemwajiri aigize kushindwa? Wajerumani walibishana jambo hili mapema. Reisswitz, baba na kisha mwana, walilitengenezea jeshi la Prussia mchezo wa vita kati ya 1812 na 1824, wenye ramani, dadu na majedwali ya hasara. Mwaka 1876 Julius von Verdy du Vernois akasema majedwali yamezidi, akamwachia mwamuzi mwenye uzoefu aamue. Walichokubaliana pande zote ni kwamba mchezaji lazima awe na uamuzi wa kufanya. Nami nakubali. Lakini tofautisha vitu viwili. Kuna mambo ambayo kamanda wa 1885 aliyakuta: reli inayoishia Belovo, mizinga ya De Bange isiyofika, wakulima wa Timok wenye kinyongo. Hayo yaandikwe kama ardhi, kama mlima ulivyoandikwa kwenye ramani. Na kuna mambo aliyoyaamua: kusubiri asubuhi ya 17, kupeleka watu Vidin. Hayo yaachwe wazi kwa mchezaji, kila moja likiwa na bei yake. Orodha inayochanganya aina hizi mbili ndiyo inayocheza huku ikijua mwisho. Orodha inayozitenganisha humfundisha mchezaji ni wapi hasa Milan alikuwa huru.

Ipo pia hoja ya ari, nayo hainisumbui kwa ugumu bali kwa uvivu wake. Orodha kadhaa humpa Mbulgaria sifa ya ukaidi na Mserbia sifa ya kusitasita, zikiishia hapo, kana kwamba ni maumbile. Ari ya 1885 ina maelezo mazuri tu. Mbulgaria alijua anachokilinda, muungano wa wiki nane. Mserbia aliamriwa kuwashambulia Wakristo wenzake wa Kislavi bila kuelezwa vya kutosha, na inasimuliwa kwamba wengine waliambiwa wanakwenda kuwasaidia Wabulgaria dhidi ya Waturuki. Anayeamini kwamba ni damu, na afungue orodha ya 1912, ambapo Waserbia waliwashinda Waosmani Kumanovo. Au ya 1913, walipowashinda Wabulgaria haohao kwenye Mto Bregalnica. Au ya Agosti 1914, walipoirudisha nyuma Austria katika mlima wa Cer. Alama ya ari iambatane na tarehe na amri iliyotolewa, kamwe isiambatane na kabila. Kanuni hii ningependa iwafikie pia wanaoandika orodha za vita vya kikoloni, ambako majina ya makabila ya Kiafrika hubandikwa vivumishi vya kudumu kama lebo za chupa.

Wapo wanaosema kwamba mchezo wowote wa vita ni utovu wa heshima kwa waliokufa, na kwa kila upande wa vita hivi waliouawa walihesabika kwa mamia na waliojeruhiwa kwa maelfu. Sina jibu la kuwaridhisha wote. Nasema tu kwamba orodha ya pointi, inayomfanya askari kuwa kitu chenye bei, inastahili lawama hiyo zaidi kuliko orodha inayouliza kwa nini alipelekwa pale na bunduki gani na nani.

Mwisho wa vita nao una nafasi yake kwenye karatasi. Wabulgaria walivuka mpaka, wakauchukua mji wa Pirot kwa mapigano ya tarehe 26 na 27 Novemba, na njia ya kwenda Niš ikawa wazi. Tarehe 28 balozi wa Austria mjini Belgrade, Khevenhüller, akafika kwa Alexander na kumwambia kwamba akisonga mbele atakutana na jeshi la Austria. Hapo pakasimama. Mkataba wa amani uliotiwa saini Bucharest Machi 1886 una kifungu kimoja tu, kinachosema amani imerejea. Mchezaji wa Bulgaria anayeanza kampeni bila kuambiwa kuhusu Khevenhüller anacheza vita vingine kabisa. Kwa hiyo naweka Austria mwishoni mwa orodha yake, bila sanamu hata moja, ikiwa na masharti tu: Pirot ikianguka, zamu zilizobaki ni mbili.

Linalobaki kubishaniwa ni kundi la pili la Serbia. Wapo wanaotaka lisiwepo kabisa kwa kuwa halikuwepo, na wapo wanaotaka lipatikane kwa pointi kama kikosi kingine chochote. Mimi nimelipa nafasi kwa sharti moja. Mchezaji anaweza kuliita wakati wowote kuanzia siku ya kwanza, batalioni kwa batalioni, bila kulipa pointi. Lakini kwa kila batalioni ya wakulima anayoipa bunduki, batalioni moja ya jeshi la kudumu inaondolewa mbele ya Slivnitsa na kurudishwa Zaječar au Knjaževac, kukaa macho.